UZI: Kabla ya kumfundisha mtoto kupiga, mfundishe kuanguka

Fundi_wa_Ngalawa (Amu)

Assalaam aleikum waungwana.

Juzi baada ya Maghrib mzazi mmoja alinisimamisha pale Mkunguni, mbele ya ngome. Anajua nafundisha watoto judo, ile mieleka ya Kijapani, akaniuliza: "Fundi, mwanangu anachokozwa shule. Nimpeleke wapi akajifunze kupiga?" Nilimwambia nitamjibu kesho. Nikafika nyumbani, jawabu likawa refu kuliko la kumpa mtu kando ya njia, kwa hivyo naliandika hapa. Kuna wazazi wengine wenye swali hilohilo.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka 19, nikibeba mizigo gatini hapa Amu (Lamu). Siku hiyo tulikuwa tunapakua saruji. Mwenzangu mmoja alisema neno kuhusu mamangu, na watu wakacheka. Sikumpiga ngumi. Nilimsukuma kifuani kwa mikono miwili, kama vijana wanavyosukumana kila siku. Akarudi nyuma hatua mbili, kisigino kikakuta ngazi, akaenda chali. Kisogo kilifika kwenye jiwe kabla ya mgongo. Nimesikia milingoti ikikatika na pepo za kusi zikivunja nanga, lakini sauti ile ya kichwa na jiwe ndiyo ninayoisikia mpaka leo nikilala.

Alipona, alhamdulillahi. Sikio lake la kushoto halikurudi.

Mwaka uliofuata nilihamia Mombasa kutafuta kazi, na kusema kweli nilikuwa naukimbia mji. Jirani yangu, askari mstaafu, alikuwa akifundisha judo jioni katika ukumbi mdogo. Aliniona nilivyo na hasira, akaniambia nije. Nilidhani nitafundishwa kuangusha watu. Wiki sita nzima sikumwangusha mtu. Nilifundishwa kuanguka: kinyumenyume, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na kubingirika mbele. Wajapani huita ukemi. Kila jioni mara hamsini, mara sitini, mpaka mikono inawaka.

Naeleza namna yake kwa sababu hapo ndipo penye elimu. Ukianguka, ardhi haikupunguzii uzito. Unachoweza kubadilisha ni eneo la mwili linalopokea pigo, na muda ambao pigo linasambaa. Basi unachuchumaa kwanza ili usitoke juu. Kidevu unakibana kifuani, macho yanaangalia fundo la mkanda wako, kwa hivyo kisogo hakigusi chini. Mgongo unaupinda uwe kama ubavu wa mashua ili ubingirike. Mkono wote, kutoka begani hadi kiganja, unapiga mkeka kwa pembeni, wala usiunyooshe nyuma kujizuia, maana mkono ulionyooshwa nyuma ndio unaovunjika kifundo. Na pumzi unaitoa, huibani. Mtoto wa miaka saba anaweza kujua haya kwa mwezi mmoja. Yule mwenzangu angalijua kubana kidevu tu, leo angekuwa anasikia kwa masikio yote mawili.

Hiyo ni faida ya mwili. Ya moyo ilinichukua muda zaidi kuiona.

Hasira yangu ya gatini, nikiifungua ndani, nakuta woga. Niliogopa kufedheheka mbele za watu. Sisi wa miji hii midogo tunaujua woga huo, kwa sababu kila mtu anamjua kila mtu, na neno lililosemwa mtaa wa Langoni asubuhi linafika mtaa wa Mkomani kabla ya adhuhuri. Sasa fikiria kijana mwenye woga huo anaingia mkekani, anaangushwa na mtoto wa miaka kumi na miwili, watu wote wanaona, anainuka, anaweka mkono kifuani kumshukuru aliyemwangusha, halafu anaangushwa tena. Mara ya kwanza unataka kufa. Mara ya mia mbili umeshajua kwamba kuangushwa hakukupunguzii kitu. Mtu aliyefika hapo, ukimtukana hadharani hana haja ya kukusukuma. Sikufundishwa hilo kwa mdomo hata siku moja. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa maneno machache sana.

Judo yenyewe ilianzishwa na mwalimu wa shule, Jigoro Kano, mwaka 1882 mjini Tokyo, ndani ya hekalu la Eisho-ji. Alianza na wanafunzi tisa na mikeka kumi na miwili. Alikuwa mdogo wa mwili, na utotoni alionewa na wakubwa wake, ndiyo maana alitafuta mafunzo ya jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani. Alichofanya ni kuchuja: mbinu za zamani zilizokuwa za kuvunja na kuua akaziondoa katika mazoezi ya kushindana, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zote na kesho wakarudi kazini. Alikuwa na misingi miwili: kutumia nguvu mahali zinapofaa bila kuzipoteza, na kustawi pamoja, mimi na mwenzangu. Alifariki mwaka 1938 baharini, ndani ya meli Hikawa Maru, akirejea kwao kutoka mkutano wa Kamati ya Olimpiki uliofanyika Cairo. Mimi kama mtu wa bahari hilo la kufia safarini linanigusa.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu: usimpeleke mtoto anayechokozwa kujifunza kupiga. Mpeleke mahali ambapo somo la kwanza ni kuanguka. Ukifika ukumbini ukakuta wageni wa wiki ya kwanza wanarushiana mateke, mshike mkono mtoto wako mrudi nyumbani.

Karibuni mchangie.

---

Binti_Langoni

Waaleikum salaam kaka Fundi. Nimesoma nikalia kidogo pale kwenye ngazi za gati.

Mimi nina binti wa miaka tisa. Kaka zake wanacheza mpira, yeye anabaki darini na mimi. Anataka sana. Masuala yangu mawili: hijabu yake itakuwaje? Na lile la kuinamiana, nimesikia wanainama mbele ya mwalimu na mbele ya picha. Mimi mwanangu hainami mbele ya mtu.

---

Mzee_wa_Bakora

Mwanangu Fundi, mato yangu hayaoni tena maandishi madogo, mjukuu ndiye aliyenisomea na ndiye anayeniandikia.

Wasema mambo ya Japani, na ni mazuri. Lakini hapa Amu tuna kirumbizi. Sisi tulipokuwa vijana, Maulidi yakifika, kule msikiti wa Riyadha, au kukiwa na arusi, wawili walikuwa wakiingia uwandani kila mmoja na fimbo yake, ngoma na zumari zalia, watu wamewazunguka. Mgeni akitazama hudhani ni vita. Pigo lashuka kweli, na mwenzio akizubaa atalipata. Lakini tulifundishwa kwamba fimbo hupigwa kwenye fimbo. Mtu akimpiga mwenzake kichwani kwa makusudi, wazee walimnyang'anya fimbo mbele ya watu wote, na hakucheza tena siku hiyo. Hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko kupigwa.

Tena wacheza kwa ngoma. Ukiwa na hasira huisikii ngoma, na usipoisikia ngoma miguu yachanganyika, wapigwa. Kwa hivyo babangu alikuwa akiniambia nisikize ngoma kwanza, fimbo baadaye.

Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza, na hadithi iko katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye nguvu hapimwi kwa kuwabwaga watu kwenye mieleka, hupimwa kwa kuimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Wafundishe watoto judo, nakuombea kheri. Lakini siku moja niletee hao watoto barazani, niwaonyeshe namna ya kushika fimbo. Wenye kuijua wanapungua kila mwaka.

---

Ngumi_Malindi

Shikamoo Mzee. Fundi, heshima yako.

Mimi niko Malindi, na natofautiana kidogo. Nimeshika glavu tangu nikiwa na miaka 15. Mtaani kwetu wenzangu niliokaa nao maskani, wengi wamekwisha kwa unga, dawa za kulevya. Siwataji, wengine wana wazazi wanaosoma humu. Kilichonitoa mimi ni ngumi. Kocha alitaka tuwe barabarani alfajiri tukikimbia, na mtu aliyelala saa nane za usiku akivuta hawezi kuamka alfajiri akakimbia. Ndivyo nilivyoacha, sikuacha kwa mahubiri. Kamba, kukimbia, gunia, kulala mapema, chakula. Siku ikawa na mpangilio.

Na ngumi zina historia nchi hii. Philip Waruinge alileta shaba kutoka Olimpiki ya Mexico 1968 na fedha kutoka Munich 1972. Robert Wangila akachukua dhahabu Seoul 1988. Fatuma Zarika amekuwa bingwa wa dunia wa WBC, moja ya mashirika makubwa ya ndondi. Ukimwambia kijana wa Maweni kuhusu hekalu la Tokyo atakusikiliza kwa adabu, lakini ukimwambia Wangila alitoka Nairobi, atainuka.

Kwa hiyo tusiwafungie watoto mlango wa kupiga. Wengine hawatatulia mpaka wapate kitu cha kupiga, na bora kiwe gunia.

---

Muuguzi_wa_Pwani

Nimefanya kazi wodi za majeruhi kwa miaka mingi, na ninaandika nikimheshimu kila aliyenitangulia.

Ngumi_Malindi, yote uliyosema kuhusu kukimbia, kamba, kulala na gunia nayaunga mkono. Gunia halimdhuru mtu. Tatizo langu ni moja tu, kichwa. Ubongo ni laini, unaelea ndani ya fuvu. Pigo la ghafla linauzungusha kabla fuvu halijamaliza kwenda, na mishipa midogo ya damu juu yake inavutika. Umemtaja Wangila: alifariki Las Vegas mwaka 1994, akiwa na miaka 26, kutokana na jeraha la kichwa alilolipata ulingoni. Muhammad Ali alitambuliwa kuwa na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, mwaka 1984, miaka mitatu tu baada ya pambano lake la mwisho. Kwa mtoto ambaye ubongo wake bado unakua, mazoezi yote ya ngumi yanafaa isipokuwa kupigwa kichwani. Hilo lingoje.

Lakini Fundi, nawe nikuambie kitu usije ukadhani judo imesalimika. Japani kwenyewe, kati ya 1983 na 2011, wanafunzi zaidi ya 100 walikufa katika judo ya shuleni. Wengi walikuwa wanaoanza, na wengi walikufa kwa kichwa: waliangushwa chali kwa nguvu na wakubwa wao kabla hawajajua kuanguka. Ufaransa, yenye wachezaji wengi kuliko Japani, haina orodha kama hiyo. Kule mwalimu wa kulipwa lazima awe na cheti cha serikali. Mchezo ni uleule, mikeka ni ileile. Kilichotofautiana ni mkubwa aliyesimama pembeni.

Na wazazi mshike hili: mtoto akigonga kichwa, akawa anatapika, anasinzia isivyo kawaida, anaumwa kichwa kinachozidi, au anauliza swali moja mara tatu, msimlaze mkingoje asubuhi. Sisi wa visiwani tuna maji ya kuvuka, kwa hivyo tuondoke mapema. Hata akionekana mzima, asirudi mazoezini siku ileile. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona laweza kuua.

Jambo la mwisho, la wazee. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za mwinuko, na bibi akianguka nyonga ikavunjika, mara nyingi hainuki tena kama alivyokuwa. Utafiti mwingi juu ya tai chi, ile ya Kichina ya mwendo wa polepole, umeonyesha kwamba inapunguza kuanguka kwa wazee. Sababu ni ya kawaida: mtu anajizoeza kuuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine bila haraka. Fundi, ukishamaliza na watoto, tufikirie mama zetu.

---

Karate_Mkomani

Nami niweke la karate, maana ndiyo niliyolelewa nayo.

Karate ni ya watu wa visiwa kama sisi. Imekulia Okinawa, kisiwa kilichofanya biashara ya bahari na China kwa karne nyingi, na mbinu zake nyingi zimetoka huko ng'ambo. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule, na utotoni alikuwa mgonjwamgonjwa. Kano huyohuyo wa judo alimkaribisha ukumbini kwake aionyeshe. Hata kanzu nyeupe tunayovaa tumeiazima kwenye judo.

Funakoshi aliacha kanuni kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Kata zetu nyingi, yaani mifuatano ya mbinu ambayo mtu huifanya peke yake, hatua ya kwanza ni kukinga. Mimi kata moja nimeirudia miaka kumi na moja sasa, na kila mara naiona nimekosea bega, au nimewahi pumzi. Mtu akiniuliza kwa nini sichoki, namwambia aende akamuulize anayechonga milango yetu kwa nini hachoki na ua lilelile.

Dada Binti_Langoni: kuhusu hijabu, njia ilishafunguliwa zamani. Wojdan Shaherkani wa Saudia alishiriki judo Olimpiki ya London 2012 akiwa amefunika nywele. Kimia Alizadeh wa Iran alipata shaba ya taekwondo, mchezo wa mateke wa Kikorea, Rio 2016 akiwa na miaka 18, na hijabu kichwani. Na nyumbani hapa, Faith Ogallo ameiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Michezo ya Tokyo. Binti yako hataanza ukurasa mpya.

---

Msafiri_wa_Mokowe

Nasoma tu kimyakimya. Fundi, nikuulize ukipenda kunijibu. Yule uliyemsukuma, mko vipi siku hizi?

---

Fundi_wa_Ngalawa (Amu)

Nimechelewa kujibu, tulikuwa na mashua juu ya magogo.

Msafiri, swali lako nimelingoja tangu nianzishe uzi huu. Niliporudi kutoka Mombasa nilikwenda kwao na baba yangu mdogo, tukakaa, nikaomba msamaha mbele ya mamake. Alinisamehe kwa ulimi siku ile. Kwa moyo ilichukua miaka, nami sikumharakisha. Sasa tunakutana Usita wa Mui, njia kuu ya mji, karibu kila siku. Nikimwona huzunguka nikamjia upande wa kulia, ndiyo nimsalimie, ili asihangaike kugeuza kichwa. Hatujawahi kulizungumzia jambo hilo la upande. Anajua.

Mzee wangu wa Bakora, shikamoo. Nitawaleta, na nitakuja mwenyewe kujifunza. Ulilosema la fimbo kupigwa kwenye fimbo limenikumbusha jambo nililolisahau kuandika. Katika judo, anayeangusha hauachi mkono wa mwenzake. Ameshika shati lake karibu na kiwiko, na mwenzake anapokaribia chini, yeye huuvuta mkono huo juu kidogo. Uvutaji huo mdogo ndio unaomgeuza mwenzio atue kwa ubavu, kichwa kisiguse. Kwa hiyo kila unapomwangusha mtu, wewe ndiye mwenye dhamana ya namna anavyotua. Watoto wangu, anayeachia mkono anakaa pembeni siku ile. Sikujua kwamba nilikuwa naendesha sheria ya kirumbizi.

Muuguzi, umenisahihisha na nimepokea. Sikuwa naijua habari ya wanafunzi wale wa Japani, na imenifanya nikae kitako. Kuanzia sasa hakuna mtoto wa kuangushwa chali na aliyemzidi umri mpaka mimi mwenyewe nimwone ameanguka vizuri mara nyingi, tena siku ambayo amechoka, kwa kuwa mtu akichoka kidevu ndicho huachia kwanza. Na la mama zetu nimelikubali. Wewe njoo na ujuzi, mimi nitatafuta ua lenye kivuli.

Ngumi_Malindi, ndugu yangu, sikufunga mlango. Nilipoandika niliwaza mtoto wa miaka saba, wewe ukaandika ukiwaza kijana wa miaka 17 aliye maskani, na kwa huyo wako sina jawabu bora kuliko lako la alfajiri. Ninachoomba ni uwafundishe kuanguka pia. Mwanangumi akizimia kwa ngumi, kitakachomvunja kichwa mara nyingi ni sakafu. Ukija Amu fikia kwangu.

Dada Binti_Langoni, nimekuweka mwisho ili nikupe mambo ya kushika mkononi. Kwetu hakuna picha ukutani, kwa sababu hakuna ukuta. Hatuinami. Tunasimama, mkono wa kulia kifuani, tunatoleana salaam, tunaanza. Wasichana wana saa yao, na dada mmoja aliyesoma chuo cha ualimu ndiye anayewashika, mimi nakaa mbali nikishona magunia. Mikeka yetu ni magunia tuliyoyajaza usumba wa nazi, juu yake tumetandika tanga kuukuu la mashua na kulivuta kwa kamba lisikunjane. Tumeijaribu kwanza wenyewe watu wazima.

Binti avae suruali pana, mikono mirefu, na hijabu ya kuvuta isiyo na pini hata moja. Pini ndizo ninazoziogopa kuliko mateke. Kucha zikatwe. Asile saa mbili kabla.

Tunafanyia mchangani, upande wa Wiyoni, kwa hivyo saa hufuata bahari. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hukupwa saa nne, saa tano asubuhi, tunafanya Jumamosi asubuhi. Maji mafu yakija, yale yasiyojaa wala kupwa sana, kukupwa kunasogea alasiri, tunaanza baada ya swala na kumaliza kabla ya Maghrib. Jumamosi hii ni bamvua. Mlete saa nne, na wewe ukae uangalie, mpaka uridhike.